KUPUMZIKA KATI YA ZAMU SI UVIVU



Kuna neno moja ninalolisikia sana hapa Kirungu. Kijana anayenyanyua chuma akiketi kidogo, wenzake humwambia, "Usikae! Ukikaa nguvu zitakukimbia." Mgonjwa anayejifunza kusimama tena akitaka kuvuta pumzi, jamaa zake humwambia vivyo hivyo. Mama anayetwanga mihogo akiweka mchi chini, mume wake humwuliza kama amekwisha choka mara hii. Wote watatu huhesabiwa kuwa wavivu.

Mimi nasema neno hilo si kweli, tena linaumiza watu. Atafutaye nguvu hana budi kupumzika kati ya zamu na zamu, wala asipumzike kwa kuibia. Kazi ikiwa nzito, apumzike dakika mbili mpaka tatu. Sasa nisikilize, nikueleze kwa nini.

Zamu ni nini?

Tuseme vijana wametia simenti katika mikebe miwili na kuiunganisha kwa fimbo ya chuma. Mmoja anakinyanyua chuma hicho mara 8 au mara 10, kisha anakiweka chini. Hiyo ni zamu moja. Baadaye anakinyanyua tena mara 8 au 10. Hiyo ni zamu ya pili. Maneno yangu yanahusu nafasi ile iliyo kati ya zamu ya kwanza na ya pili. Watu huiona kama si kitu, kumbe ni sehemu ya kazi yenyewe.

Ni nini hutendeka mwilini?

Misuli, yaani nyama zile zinazovuta mifupa, ina akiba ndogo ya nguvu za upesi. Akiba hiyo ndiyo inayokuwezesha kuinua mfuko wa mahindi kutoka chini mpaka begani. Lakini ni ndogo kweli. Ukifanya kazi nzito kwa nguvu zako zote, hupungua sana katika muda wa sekunde 10 hivi. Baada ya hapo misuli hutumia sukari iliyo ndani yake, nawe husikia kama moto ndani ya mkono au paja.

Ukiweka mzigo chini, mwili huanza mara moja kuijaza akiba ile. Karibu nusu hurudi upesi, kabla ya dakika moja kwisha. Sehemu kubwa hurudi katika dakika tatu hivi. Pumzi nayo hutulia, na moyo hupunguza mbio zake. Basi anayepumzika hakukaa bure, kwa maana ndani yake kazi ingali inaendelea. Mwenye kisima kidogo huteka maji, kisha hungoja maji yapande tena. Akiteka bila kungoja, atapata matope.

Waganga wamejifunza nini?

Katika mwaka wa 1945 daktari wa jeshi la Marekani, jina lake Thomas DeLorme, aliandika juu ya kazi yake ya kuwaponya askari waliodhoofika miguu baada ya kuumia. Aliwapa mizito mikubwa ya kunyanyua, nao walirudishiwa nguvu. Hapo kwanza aliwapa zamu nyingi, kama 7 mpaka 10. Lakini mwaka wa 1948 yeye na mwenzake Arthur Watkins waliandika ya kuwa zamu tatu zinatosha. Ona basi: mtu huyu aliyewafundisha wengine kuinua mizito hospitalini hakuongeza kazi bila mwisho, bali aliipunguza.

Tena katika mwaka wa 2016 Brad Schoenfeld na wenzake walieleza jinsi walivyowapima vijana 21 waliozoea kunyanyua vyuma. Waliwagawa mafungu mawili. Wote walifanya kazi ile ile, siku tatu kila juma, kwa majuma 8. Fungu moja lilipumzika dakika moja kati ya zamu, na fungu la pili dakika tatu. Mwisho wake, waliopumzika dakika tatu walikuwa wamepata nguvu zaidi, na misuli ya mbele ya mapaja yao ilikuwa imekua zaidi. Hao walikuwa vijana wenye siha, si wagonjwa. Lakini kama kijana mzima anafaidiwa na dakika tatu, je, aliyetoka kitandani jana tumnyime?

Kuna wanaonipinga

Mmoja atasema, "Nisipopumzika natoka jasho jingi, na misuli inawaka. Je, hizo si nguvu?" Hapana, ndugu yangu. Jasho laonyesha ya kuwa mwili una joto, na kuwaka kwaonyesha ya kuwa misuli imechoka. Kama mzigo ni mwepesi, nawe wataka kuzoea kazi ya muda mrefu, dakika moja yaweza kutosha. Sikatazi hilo. Lakini mzigo ukiwa mzito, aliyechoka hukunja mgongo vibaya, mikono hutetemeka, na chuma humwangukia yeye au mwenzake.

Mwingine, labda mzee wa kanisa, atasema ya kuwa kunyanyua vyuma ni majivuno tu. Namheshimu baba huyo, na majivuno yapo kweli. Lakini na asome tena 1 Timotheo 4:8. Mtume Paulo amesema mazoezi ya mwili yafaa kidogo, na utauwa wafaa kwa mambo yote. Kidogo si bure. Mikono ya kijana mwenye nguvu hubeba machela ya mgonjwa, hupakua mifuko bandarini Kalemie, hulima shamba la mjane. Mikono hiyo ni mali ya Bwana, na mali ya Bwana haitumiwi ovyo.

Tena kumbukeni habari za Musa katika Kutoka sura ya 17. Mikono yake ilipokuwa mizito, Haruni na Huri hawakumwita mvivu. Walimwekea jiwe akaketi, wakaitegemeza mikono yake, huyu upande huu na huyu upande huu, na Israeli wakashinda. Na katika Marko 6:31 Bwana mwenyewe aliwaita wanafunzi wake waende kando wapumzike kidogo, kwa sababu watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Kama Bwana aliona haja hiyo kwa watumishi wake, wewe ni nani hata umcheke anayevuta pumzi?

Jinsi ya kupumzika vema

1. Fanya zamu mbili au tatu kwa kila namna ya zoezi. Ukiwa mgeni wa kazi hii, anza na zamu moja, na mzigo mwepesi.

2. Huna saa? Mkae wanne kwa chuma kimoja. Zamu ya mtu mmoja huchukua kama sekunde 40. Wenzako watatu wakimaliza zamu zao, wewe umekwisha kupumzika dakika mbili. Tena chuma kimoja hakitawagombanisha.

3. Kama uko peke yako, jaribu kusema maneno marefu bila kuhema, au kuimba ubeti wa wimbo wa kanisa. Ukikatika katikati, ngoja bado.

4. Wakati wa kupumzika simama, au tembea polepole, au keti wima. Vuta pumzi kwa utulivu. Kunywa maji safi kidogo.

5. Usiifanye nafasi hiyo kuwa baraza. Ukikaa robo saa kwa mazungumzo, mwili hupoa, na kazi haitakwisha. Kupumzika kuna kipimo chake, kama dawa.

6. Usizuie pumzi unaponyanyua. Toa pumzi wakati wa kuinua.

7. Misuli uliyoitumikisha sana leo, iache kesho. Siku mbili katika juma zatosha kuulinda mwili. Shirika la Afya Duniani nalo katika mwaka wa 2020 lilishauri watu wazima watumikishe misuli yao siku mbili au zaidi kila juma.

8. Mwenye homa asinyanyue kitu. Mtu akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi isiyorudi hata baada ya kupumzika, aache mara moja aje hospitalini. Mwenye ugonjwa wa moyo, au damu inayopanda, au kidonda cha kupasuliwa, au uvimbe wa ngiri, atuulize kwanza.

Neno kwa walio na mgonjwa

Mgonjwa aliyelala siku nyingi hupoteza misuli upesi, hasa ya mapaja. Kwa hiyo, daktari akiruhusu, tunamfundisha kuinuka kitini na kuketi tena. Labda aweza mara 5 tu. Hiyo ndiyo zamu yake. Basi mwacheni apumzike mpaka pumzi yake itulie, hata ikipita dakika tatu, kisha ajaribu tena. Msimvute mkono. Msimlinganishe na mgonjwa wa kitanda cha pili. Lakini pia msimwache alale siku nzima kwa kumhurumia. Huruma ya namna hiyo humwondolea nguvu zilizobaki. Fanya kazi, pumzika, fanya kazi tena: hiyo ndiyo njia.

Na ninyi waume, kutwanga na kuchukua maji kichwani ni kunyanyua vizito, ingawa hakuna anayekupigia makofi. Mke wako huifanya kazi hiyo kila siku bila kuhesabiwa zamu. Akiweka mchi chini, ushike wewe. Wanao wakubwa nao washike. Kinu kimoja chaweza kuwa na mikono minne, na bukari haitapungua utamu.

Mpendwa msomaji, sisemi haya ili mtu apate sababu ya kulala. Nasema ili kazi yako izae nguvu, isizae maumivu. Ukimwona mwenzako ameketi kati ya zamu, usimcheke. Mhesabie dakika zake, mpe maji, na zikitimia umwambie, "Ndugu, zamu yako imefika." Hapo utakuwa Haruni kwake, naye atasimama tena.

Bwana awatie nguvu. Amina.