Hukumu Kabla ya Filamu

Aghalabu mashabiki hugawanyika kambi mbili hata kabla ya filamu kuonyeshwa: wa kumtukuza mwongozaji na wa kumbeza. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 2024 Francis Ford Coppola alipoileta Megalopolis, aliyoigharimia mwenyewe kwa takriban dola milioni 120. Watetezi walishika The Godfather. Hoja dhaifu hiyo, kwani sifa za mwaka wa 1972 haziikomboi kazi mpya. Wabezaji nao walisahau kwamba Apocalypse Now, iliyotabiriwa maangamizi, ilipelekwa Cannes mwaka wa 1979 haijakamilika, ikatwaa tuzo kuu (japo kwa kugawana na The Tin Drum). Megalopolis ina kasoro, tena tele. Mazungumzo yake hulemea. Ila hayo waliyajuaje wale waliokwisha kuizika kabla hawajaketi ukumbini?