Google wanatoa tangazo bure, bando atalipa nani?

Ukisikia Google wanawapa mashirika ya hisani hadi dola 10,000 kila mwezi, zaidi ya shilingi milioni moja, utataka kuuliza zinaingia M-Pesa lini. Tulia. Mwenyekiti wa kikundi kimoja cha kina mama Msambweni, wanaosuka mikoba ya ukindu ili kulipia mayatima karo, aliniuliza hivyohivyo. Nikamwambia, "Mama, hakuna hata ndururu utakayoshika." Kinachotolewa ni nafasi ya matangazo tu. Mtu akitafuta kitu Google, tangazo lenu linatokea, maandishi matupu bila picha, na akilibofya gharama inakatwa kwenye hizo dola. Msipozitumia mwezi huu, hazisubiri mwezi ujao.

Mpango wenyewe upo tangu 2003. Mimi chuo nilikiacha karo iliponishinda, nikajifunza matangazo hapa Ukunda nikiwatangazia watu nyumba zao za wageni. Kwa hivyo nilidhani hii ni kazi ya jioni moja. Wapi! Kikundi kina ukurasa wa Facebook na picha kibao, lakini tovuti hakina. Bila tovuti yenye jina lenu wenyewe, mlango haufunguki. Shule, hospitali na ofisi za serikali ndizo hazimo kabisa.

Halafu elewa hili: tangazo la namna hii ni jibu, kwa hivyo lazima awepo anayeuliza. Chukua Colobus Conservation, walioanza Diani 1997, wale wa madaraja ya kamba yanayowavusha mbega barabara bila kugongwa. Mgeni aliyenyang'anywa ndizi na tumbili mezani ataandika swali usiku huohuo. Au Mikoko Pamoja kule Gazi, wanaouza hewa ya kaboni ya mikoko na pesa kurudi kwa maji na shule za kijiji. Kuna mtu London anatafuta miti ya kulipia. Lakini nani anaandika jina la kikundi chenu? Na "tuchangieni" pia hakuna anayeitafuta.

Sasa lazima mtu akae ayafikirie maneno hayo, ayajaribu, afute, aanze tena. Google wanataka matangazo yote ya akaunti kwa jumla yakionekana mara 100, yabofywe angalau mara 5. Mkikosa miezi miwili mfululizo, akaunti inaweza kusimamishwa. Hiyo ni kazi ya kila wiki, na hapo ndipo ninapogombana na vikundi vyetu vya Kwale. Bajeti ya fulana ipo. Ya hema na viti ipo, ya chakula cha mgeni rasmi hata haijadiliwi. Ya kijana wa mtandao? "Si utatusaidia tu mwanangu, ni hisani." Nimelipwa soda baridi mpaka basi. Hisani naipenda, ila bando siuziwi kwa hisani.

Mlipeni kijana wa hapohapo kijijini, hata kama ni bei ya fulana kumi kwa mwezi. Asipoleta watu, mfukuzeni, ni haki yenu.

Kina mama wa Msambweni wamepunguza fulana za mwaka huu na tovuti tunaijenga. Wiki hii tumekwama hapa: mgeni wa Diani anayetaka mkoba wa ukindu ataandika nini? Mwenyekiti ameniletea maneno 11 nyuma ya risiti ya duka. La kwanza ni jina lake.