Mbwa Akijikuna, Tuulize Damu na Nyumba

Mwalimu au mtumishi wa Serikali anayepangiwa kazi Kintinku, wilayani Manyoni, hukuta mbwa wakifuatana na wachungaji wa Kigogo tangu asubuhi hadi mifugo inaporudi zizini. Ni mbwa wembamba, wenye manyoya mafupi, wasiochagua chakula. Wasomi wengi huwaita koko. Mtumishi huyo akitaka mbwa wa kulinda nyumba, fikira zake hupanda treni na kwenda mjini Dodoma kutafuta mbwa wa kizungu, kwa imani kwamba damu ya kigeni ndiyo damu bora.

Hii ni kasumba, na mara nyingine malipo yake huonekana kwenye ngozi ya mbwa mwenyewe. Mbwa aliyegharimu fedha nyingi hufikisha mwaka mmoja au miwili, kisha huanza kujikuna usiku na mchana. Hulamba nyayo zake, masikio yake hutoa harufu, na tumbo lake huwa jekundu. Mwenyewe husema mbwa amelogwa, au amekataliwa na hewa ya Ugogo. Mwingine humpaka mafuta machafu ya gari, ambayo ni sumu kwa mnyama, au humwogesha kwa dawa ya ng'ombe bila kipimo cha mtaalamu.

Mara nyingi kujikuna huko husababishwa na viroboto au upele. Lakini upo ugonjwa mwingine usiojulikana sana miongoni mwetu, nao ni mzio. Mwili una walinzi wake dhidi ya vijidudu. Kwa mnyama mwenye mzio, walinzi hao hukosea wakapigana na kitu kisicho na madhara, kama mgambo anayempiga mgeni mwema akimdhania mwizi. Kitu hicho chaweza kuwa vumbi la ndani ya nyumba na utitiri wake, chavua ya nyasi, aina fulani ya chakula, au mate ya kiroboto.

Kwa nini basi mbwa mmoja augue na mwenzake apone, hali wote wanalala mlango mmoja? Sababu ya kwanza ni urithi. Mbwa wengi wa kizungu wanaosifiwa leo walitengenezwa na binadamu katika muda mfupi, kwa kuzalisha ndugu kwa ndugu ili wafanane sura. German Shepherd, kwa mfano, alianzishwa rasmi nchini Ujerumani mwaka 1899. Palipochaguliwa sura, maradhi nayo yalipenya. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza waliochunguza mbwa wa Labrador na Golden Retriever walikadiria kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya mbwa na mbwa katika kupatwa na mzio wa ngozi ilitokana na urithi. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walionyesha sehemu ya vinasaba vya German Shepherd inayohusiana na maradhi hayo hayo.

Lakini nusu si kamili. Sehemu iliyobaki imo katika mazingira, yaani malezi, chakula na nyumba. Mwaka 2018 watafiti wa Finland walieleza kwamba mbwa wa vijijini, hasa wanaoishi pamoja na wanyama wengine, walipatwa na mzio kwa uchache kuliko mbwa wa mjini. Maelezo yao ni kwamba mwili unaokutana na udongo na vijidudu vingi vya kawaida hujifunza kumtambua adui wa kweli. Mbwa anayefungiwa ndani ya ukuta na saruji tangu utoto hukosa somo hilo.

Sasa tumrudie yule aitwaye koko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mbwa wa vijijini wa Uganda, Misri na Namibia ulionyesha kwamba wengi wao si machotara wa mbwa wa kizungu waliopotea njia. Ni ukoo wa kale wa Afrika, wenye utajiri mkubwa wa vinasaba. Hatusemi kwamba mbwa wa kienyeji hana mzio, wala kwamba haumwi. Viroboto, upele na kichaa cha mbwa vinamwandama kwa sababu hatumtunzi. Tunasema kwamba kumdharau kwa ajili ya asili yake ni ujinga uliovaa suti.

Wala hatusemi damu ya kigeni ikataliwe. Pale Mpwapwa, mkoani Dodoma, wataalamu wa mifugo walichanganya damu ya ng'ombe wetu wa kienyeji na ya ng'ombe wa Bara Hindi na wa Ulaya, wakapata ng'ombe wa Mpwapwa anayeifaa nchi kavu. Wao walijua wanachotafuta na mahali watakapokiweka. Anayenunua mbwa kwa kutazama masikio yaliyosimama hajui kimojawapo.

Kwa hiyo wajibu wetu ni huu. Anayenunua mtoto wa mbwa aulize kwanza kama mama na baba yake walikuwa na maradhi ya ngozi. Na mbwa mwenye mzio asizalishwe. Mbwa akijikuna, apelekwe kwa bwana mifugo kabla ya kupakwa chochote, maana upele wa mbwa waweza kuwapata hata watoto wa nyumbani. Banda lifagiliwe, matandiko yafuliwe na kuanikwa juani, na viroboto viangamizwe.

Walimu nao wana somo lililo tayari uani. Mwanafunzi wa Kintinku anayefundishwa urithi kwa kutazama mbwa wa kwao ataelewa haraka kuliko anayekariri kitabu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitutaka tujitegemee, na kujitegemea huanza kwa kukijua ulicho nacho. Damu ya mbwa uliyekwisha kumnunua huwezi kuibadili, lakini nyumba anamolala imo mikononi mwako.