Windows 10 imefika mwisho: tubadilishe, ao tungoje?

Kwa mkutano wa komite wa mwezi uliopita tulibishana karibu saa mbili juu ya kitu ambacho hakiliwi na hakipimwi kwa mizani. Ni sistemu ya ordinatere, ni kusema ile programu kubwa inayoendesha mashini yote tangu unapoiwasha. Sistemu yetu ni Windows 10. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft, kampuni inayoitengeneza, imeacha kuitumia marekebisho ya bure kama zamani. Fundi mmoja wa mjini alipita akatuambia tununue ordinatere mbili mpya haraka, bila hivyo kila kitu kitakufa. Mmoja wetu akasema: basi tutoe dolari 900 kwa malipo ya pili ya kahawa. Tuko wanamemba 430. Hiyo ni dolari 2 na kitu inayotoka kwa kila mmoja, na munajua wenyewe dolari 2 inanunua nini nyumbani.

Tulikataa. Hatukukataa juu ya kupenda vitu vya zamani. Tunaandika hapa kwa sababu kooperative zingine ziko na swali lilelile, na watu wengi wanaojibu swali hilo ni wale wanaouza ordinatere.

Kwanza tuelewane: « mwisho » maana yake nini. Ordinatere haifi. Kesho itawaka kama jana, na orodha yako itafunguka. Kinachosimama ni marekebisho, yale mashini inaita « mise à jour ». Ndani ya kila sistemu kunaonekana matundu kila mara, na kampuni inayaziba. Windows 10 ikiachwa, tundu litakaloonekana mwaka huu litabaki wazi. Hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Mwezi wa tano 2017 virusi yenye jina WannaCry ilifunga ordinatere zaidi ya 200,000 katika nchi karibu 150 na kuomba pesa kwa kuzifungua. Dawa yake ilikuwa imetolewa mwezi wa tatu mwaka uleule. Waliopata shida ni wale hawakuiweka, pamoja na wenye sistemu za zamani ambazo zilikuwa hazipewi tena dawa.

Lakini tuseme kweli, hapa kwetu. Ordinatere ya ofisi ilipokea marekebisho mara ngapi, hata wakati Windows 10 ilikuwa hai? Mega tunazinunua kidogo kidogo kwa simu, na sekretere anakata intaneti mara moja akimaliza kutuma barua kwa mnunuzi. Hatumlaumu, sisi wenyewe ndio tulimwambia achunge mega. Njo maana tunasema kwamba kwa kooperative kama yetu hatari kubwa haikuanza tarehe 14 Oktoba. Ilikuwa imeingia zamani, na iliingia kwa mlango mwingine.

Mlango huo ni kle USB. Wa zamani wanakumbuka msimu wa 2019. Mtu alileta kle na ripoti ya mafunzo, tukaiingiza, na siku ya pili mafolda yote ya mashini yakageuka vijifaili vidogo visivyofunguka. Ilikuwa mwezi wa tano, kahawa mbivu inafika kila jioni, watu wako kwa mstari mbele ya mizani. Tulipeleka mashini mjini. Fundi hakuuliza kitu, akafuta yote, akaweka Windows mpya ya kunakili kwa dolari 10, akaturudishia ordinatere safi kabisa. Safi na tupu. Avansi zote za msimu zilikuwa ndani. Tulikaa siku 11 na daftari za mizani tukiandika upya jina kwa jina, na kuna akina mama ambao karatasi zao zilikuwa zimelowa mvua na tukalazimika kuamini neno lao. Wengi walisema kweli, tunaamini hivyo. Lakini mpaka leo kuna jamaa mbili hazisalimiane na komite vizuri juu ya ile hesabu.

Virusi ilifanya shida. Hasara ilitoka kwa kitu kingine: hatukuwa na nakala hata moja inje ya ile mashini.

Na leo ndani ya ordinatere kuna mambo mengi kuliko 2019. Kuna orodha ya wanamemba, kilo za kila mmoja, avansi, na sasa pointi za GPS za mashamba. Hizo pointi ni kazi ya mguu. Animatere wetu walipanda milima miezi mitatu. Zinaombwa juu ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023, ile inayokataza kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yaliyotoka fasi msitu umekatwa baada ya mwisho wa 2020. Kwa shamba lisilozidi hektari 4, pointi moja inatosha. Tarehe ya kuanza kwa hiyo sheria imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini mnunuzi wetu hangoji, anaomba sasa. Tukizipoteza, hakuna daftari la mizani litakalotusaidia.

Sasa turudi kwa mashini zenyewe. Tuko na mbili, na hazifanani, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa moja.

Ile ya mhasibu ni ya 2020. Windows 11 inaomba angalau giga 4 za memori, giga 64 za diski, na ndani ya mashini kiungo kidogo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Tena prosesa isiwe ya zamani sana. Kwa zile za Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8. Kuhusu TPM, mutu yeyote anaweza kuangalia bila kumlipa fundi: bonyeza pamoja kitufe cha Windows na herufi R, andika tpm.msc, soma kile kinaandikwa chini. Kama ni 2.0, umepita mlango wa kwanza. Mashini ya mhasibu ilipita milango yote, na kupanda kutoka Windows 10 mpaka 11 ni bure kwa yule ambaye Windows yake ni ya haki. Faili zinabaki fasi yake. Na kama haikupendezi, uko na siku 10 za kurudi nyuma. Kitu kinacholipisha ni mega, maana ni giga kadhaa za kushusha. Sisi tutaipeleka kwa ofisi ya shirika linalotusaidia, wako na intaneti ya kudumu, tutawaomba usiku mmoja.

Ile ya sekretere ni mzee. Ilitolewa na mradi mmoja mwaka wa 2015, na haina TPM 2.0. Kuna vijana wanajua njia ya kulazimisha Windows 11 iingie hata hivyo. Inawezekana, lakini Microsoft inasema wazi kwamba haiahidi marekebisho kwa mashini ya namna hiyo, sasa umepata faida gani? Kuna pia kulipa ili Windows 10 iendelee kupewa dawa. Kwa mtu binafsi ni mwaka mmoja, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dolari 30, ao bure kwa yule anayekubali kufungua akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake kwao. Kwa shirika ni bei nyingine: dolari 61 kwa mashini moja mwaka wa kwanza, kisha inajizidisha mara mbili mwaka wa pili, na tena mara mbili mwaka wa tatu. Mupige hesabu: 61, 122, 244, jumla 427. Kulipa dolari 427 juu ya ordinatere ya 2015! Hata mbuzi mzee hatumlishi hivyo.

Kwa hiyo kwa mzee tulichagua Linux Mint. Ni sistemu nyingine, ya bure, si ya kunakili, na inatosheka na giga 2 za memori, ingawa 4 ni vizuri zaidi. Iko kwa Kifaransa. Kitu kilichotushawishi ni hiki: unaweza kuijaribu kutoka kwa kle bila kugusa kitu kwa diski. Sekretere aliijaribu hivyo wiki mbili. Inaenda polepole ukitumia kle, lakini inaenda. Orodha zetu za Excel zilifunguka ndani ya LibreOffice, isipokuwa ile ya malipo yenye vibonyezo vilivyotengenezwa na mhasibu wa zamani. Vibonyezo havikufanya kazi, na itabidi tutengeneze upya. Impirimante ilikubali siku ya pili.

Hatusemi kila kooperative ifanye hivyo. Kama programu yenu ya hesabu ni ile inayokubali Windows tu, Linux itawaletea machozi. Kama hakuna hata kijana mmoja karibu anayeijua, muanze na kumtafuta huyo kijana. Na mhasibu wetu bado hajafurahi. Anasema tunampa sekretere mashini ambayo yeye hataweza kumsaidia nayo. Ana haki. Tumemjibu kwamba ni afazali hiyo kuliko Windows ya kunakili ya dolari 10, ambayo ufunguo wake wa kuvunja kufuli mara nyingi ndio unabeba virusi ndani. Hilo tulilipa tayari 2019.

Kuhusu wakati, hapo hatukubali mazungumzo. Mashini ya mhasibu inapanda mwezi huu, kahawa ikiwa bado mbichi. Mashini ya sekretere haiguswi mpaka mwezi wa saba, baada ya mizani ya mwisho. Kuanzia sasa mpaka pale haiingii kwa intaneti. Barua zote zinatoka kwa ile ya mhasibu. Mtu akileta kle, inasomwa kwanza kwa mashini ya mhasibu yenye ulinzi wa kisasa. Akikasirika, akasirike.

Neno moja pia kwa wafadhili, kwa sababu wanasoma jarida hili. Mradi unatupatia ordinatere, tunapigwa picha nayo, tunashukuru kweli. Lakini hatujaona bado mradi ulioandika ndani ya bajeti yake: diski ya nakala, mega za marekebisho, siku mbili za fundi kila mwaka. Mashini inafika na umri wake umehesabiwa, na siku ya mwisho inatukuta peke yetu. Tungependa ordinatere moja yenye matunzo ya miaka mitano kuliko tatu bila kitu. Na sisi wenyewe tusijifiche: kwa bajeti yetu pia hakukuwa na mstari huo. Kwa mkutano mkuu tutaomba dolari 60 kwa mwaka, ni kusema senti 14 kwa kila mwanamemba, na tutaeleza kila dolari inaenda wapi.

Kabla ya yote hayo, nakala zimefanyika. Diski moja iko kwa sanduku la chuma la ofisi. Nyingine iko kwa mama mweka hazina, nyumbani kwake, ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mvua. Tarehe moja ya kila mwezi anakuja nayo, tunaifungua mbele yake, anachagua jina moja la mwanamemba bila kutuambia mbele, na tunalinganisha kilo za diski na kilo za daftari la mizani. Mwezi uliopita alichagua jina la mume wake. Zilifanana.