Acheni Kudharau Kibanda Umiza

Leo shajara haina habari za maji kukatika hosteli wala foleni ya kantini. Nina dukuduku.

Kikundi chetu cha waandishi hapa chuoni kimegawa hadithi 14 za wenzetu tuzisome na kuzitolea maoni. Nimezisoma zote, namshukuru Mungu. Tisa zinaanza na jua kuchomoza. Kwenye nyingine mhusika anaamka, anapiga mswaki, anakunywa chai, anatafuta daftari, na hadi ukurasa wa nne hatujui anataka nini duniani. Halafu mwalimu mmoja, jina namhifadhi, anatuambia kinachoua fasihi ya vijana ni sinema za kibanda umiza. Hapo nakataa. Tumekaa kwenye yale mabenchi miaka yote, tukatoka na bunduki na suti nyeusi, ufundi wa kusimulia tukauacha ukutani.

Kwetu Ngulyati, kama ilivyo kwa Wasukuma wengine, hili jambo halihitaji profesa. Msimu wa mavuno ukiisha kuna mashindano ya ngoma, Bagika upande huu, Bagalu upande ule. Wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja. Watazamaji wanahama wenyewe, na mwenye watu wengi ndiye kashinda. Ukizubaa kidogo tu unaona migongo ya watu. Kibanda umiza nacho ni hivyohivyo: mtu kalipa kiingilio, joto kali, benchi halina mgongo, nje kuna gulio linaendelea, na bado hatoki. Mwandishi wa chuo hajawahi kuona mgongo wa msomaji wake, ndo maana anajiamini sana.

Chukua Commando ya mwaka 1985, ile ya Arnold Schwarzenegger. Najua mtacheka. Chekeni, halafu muiangalie tena. Mapema kabisa tunamwona baba na binti yake, Jenny, wanakula aiskrimu, wanalisha swala. Hamna maelezo kwamba "alimpenda sana mwanawe". Mara binti anatekwa. Baba anapandishwa ndege kwa lazima akamuue rais wa nchi nyingine, anaruka kutoka kwenye hiyo ndege ikiwa inapaa, anaweka saa yake: masaa 11 kabla ndege haijatua na watekaji kujua hayumo. Basi. Kuanzia hapo hata akiingia dukani unabana pumzi, maana saa inatembea. Stelingi anataka kitu kimoja, unakijua, na muda ni mdogo.

Sasa wenzangu walichonakili ni nini? Helikopta. Hadithi mbili kati ya zile 14 zinatokea Miami, mhusika mkuu anaitwa Mike, ana bastola na jumba la kifahari, lakini hamna saa na hamna Jenny. Kumbe saa tunayo hapa nyumbani. Mkulima wa pamba ana mzigo uwanjani, mzani unafungwa jioni, foleni ni ndefu, na kesho asubuhi binti yake anarudishwa toka chuo kwa ada. Hapo hata bastola huihitaji. Mtu wa Ngulyati atasoma hiyo akiwa amesimama.

Na sisemi kila sinema ni darasa. Kanumba ni wa kwetu, kazaliwa Shinyanga mwaka 1984, wakati Bariadi yetu bado iko mkoa huohuo (Simiyu imezaliwa 2012, mwaka uleule aliofariki, Aprili 7). Tunajivunia. Ila Bongo Movie ilikuwa na ugonjwa wake, kila mtu anaujua: gari linafika getini, geti linafunguliwa, gari linaegeshwa, mtu anashuka, anatembea, anabisha hodi, anakaribishwa juisi, na mazungumzo yenyewe sentensi mbili. Mkanda mmoja ukavutwa hadi ukawa Part 1 na Part 2 ili ziuzwe diski mbili. Hebu rudini kwenye yule mhusika wenu anayepiga mswaki. Ni gari getini lile.

Najua kuna atakayenitolea Kezilahabi. "Mbona Nagona ni ngumu na ni kazi kubwa?" Sina ugomvi na Nagona, ya mwaka 1990. Lakini mzee alianza na Rosa Mistika, 1971, kitabu ambacho shuleni kilipigwa marufuku na watu wakakitafuta hivyo hivyo. Alijua kumshika msomaji karibu miaka ishirini kabla hajaamua kumzungusha. Sisi tunataka kuanza na kumzungusha.

Kilichonifanya niandike yote haya ni Titanic. Mkanda wa 1997, zaidi ya masaa matatu, na hakuna aliyeingia kuutazama asijue meli itazama. Tena James Cameron mwenyewe anaonyesha karibu na mwanzo, kwa kompyuta, meli ilivyojaa maji na kukatika. Kwa nini anaimaliza hadithi kabla haijaanza? Kwa sababu maji yakiingia hataki tuulize meli inazamaje. Anataka tumtafute mtu fulani. Halafu Rose, wakitembea juu ya meli mchana kweupe, anapiga hesabu na kumwambia mhandisi Andrews kwamba mashua hazitoshi. Ni kweli, zilikuwa na nafasi 1,178 na watu walizidi 2,200. Linasemwa kidogo, linapita. Usiku mashua inashushwa nusu tupu, na lile neno linakurudia. Sisi tunaficha siri hadi ukurasa wa mwisho, kisha tunaieleza kwa aya mbili kama taarifa ya polisi.

Cameron aliandika kuhusu meli iliyozama miaka 85 nyuma yake. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, karibu kabisa na Mwanza, ikaua mamia. Kwenye kikundi chetu wana Kanda ya Ziwa tumejaa. Hadithi 14, hata moja haimo kwenye hiyo meli, na mbili ziko Miami! Jamani. Waliokuwa watu wazima mwaka ule bado wapo, ni mama zetu wadogo na wajomba zetu. Waulizeni nani alikuwa anasafiri, alibeba mzigo gani, alimuaga nani bandarini, alisema atarudi lini. Mkae nao kabla hawajaondoka. Kisha muandike, na mtuambie mapema tu kwamba meli itazama.