Mgeni Huyu Mpeni Zamu ya Usiku

Ndugu zangu wa Garissa, Wajir na Mandera, nina ombi kuhusu wauguzi wanaokuja kufanya kazi kwetu kutoka nchi za nje. Tuwapokee kama wenzetu wa kazi, si kama wafadhili. Mfadhili tunamsomea hotuba, tunapiga naye picha, kisha tunamsindikiza uwanja wa ndege. Mwenzako wa kazi humwonei haya: unamwambia kwamba ratiba yake ya kliniki haimfai mama anayehama na ngamia, na yeye anakuonyesha anachokijua. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Huyu mpeni zamu ya usiku.

Tena tusijione maskini wa elimu. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria, alikuja Kenya mwaka 1969 akawa mwalimu Wajir. Hapo akakutana na kifua kikuu, na wagonjwa walioanza dawa kisha wakafuata mifugo kabla hawajapona. Mwaka 1976 alipewa kuongoza mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wafugaji. Wagonjwa walijenga manyatta zao karibu na kituo, wakakaa miezi sita wakimeza dawa mbele ya mhudumu. Miaka ya 1990 shirika hilo likahimiza nchi nyingi kufuata utaratibu wa namna hiyo. Tonelli aliuawa mjini Borama, Somaliland, Oktoba 2003, akiwa bado anatibu ugonjwa ule ule. Jina lake linakumbukwa, na ni haki yake. Lakini mradi usingefika popote kama familia za Wajir zisingekubali kutua mahali pamoja muda wote huo.

Hata leo wakunga wetu wana ujuzi unaotafutwa mbali. Kumzalisha salama mama aliyekeketwa na kushonwa, kujua lini afunguliwe na namna ya kuzungumza naye bila kumwaibisha, ni jambo ambalo wenzao wa London na Minneapolis wanalihitaji mara nyingi mwanamke wa Kisomali anapofika leba. Na Mei 2022 Anna Qabale Duba, muuguzi wa jirani zetu wa Marsabit, alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya wauguzi huko Dubai.

Lipo jambo zito, nalo tusilifunike. Aprili 2019 madaktari wawili kutoka Kuba walitekwa Mandera wakielekea kazini, na polisi aliyewalinda akauawa. Kabla ya hapo, mwaka 2011, wafanyakazi wawili wa misaada kutoka Uhispania walitekwa Dadaab. Walinzi peke yao hawatoshi. Mzee wa mtaa anayejua mgeni analala wapi, mwenye nyumba anayemjulisha kwa majirani, dereva anayeuliza habari za barabara kabla ya kuwasha gari: hawa wote ni sehemu ya hospitali, ingawa hakuna anayewalipa mshahara. Na ulinzi huo tumpe pia muuguzi wa Kitui au Kisii. Yeye naye yuko mbali na kwao.

Kwa serikali za kaunti, ombi langu ni kwamba ushirikiano uwe wa pande mbili. Tangu mkataba wa 2021 kati ya Kenya na Uingereza, muuguzi wetu ana njia rasmi ya kwenda kufanya kazi huko. Aende, lakini makubaliano yaandike na njia ya kurudi: nafasi yake ya kazi ikimngoja, na ujuzi aliouchuma ukipata wodi ya kufanyia kazi. Wageni wa wiki mbili tusiwafukuze, ila kipaumbele kiwe kwa anayekaa miezi, aliyepata kibali cha Baraza la Wauguzi kabla hajapanda ndege.

Nanyi mabinti mliomaliza kidato cha nne, Garissa ina chuo cha mafunzo ya tiba. Mnajua Kisomali, Kiswahili na Kiingereza. Ombeni nafasi. Mgeni akifika wodini hatahitaji mkalimani tu, atahitaji muuguzi mwenzake anayeweza kumwambia, "Hapana, hapa hatufanyi hivyo, njoo nikuonyeshe."