ORODHA ZA "E" MFUKONI, KARAI LA NGURUWE MTAANI

Tunamshukuru Allah (s.w.) aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharamishia vilivyo vibaya, na tunamuombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, ni vigumu kupata msikiti hapa Moshi, kuanzia huku kwetu Shirimatunda hadi mjini kati, ambao waumini wake hawajapata kuiona ile orodha. Zamani ilikuja kwa karatasi za fotokopi zilizogawiwa mlangoni baada ya swala ya Ijumaa. Siku hizi inakuja kwa simu, pamoja na amri ya kuwatumia ndugu wengine kumi. Ndani yake mna herufi E na tarakimu, E hii na E ile, na chini yake hukumu moja tu: vyote hivyo ni mafuta ya nguruwe.

Tuitazame orodha hiyo kwa macho ya elimu. Moja ya zile zilizoenea sana duniani huanza na E100. E100 ni nini? Ni rangi ya manjano, ile ile manjano ambayo mama zetu huitia katika mchuzi. Ukishuka chini utaikuta E140, ambayo ni ukijani wa majani ya mimea. Mwenye orodha ameyaharamisha majani! Na iko karatasi nyingine, nayo maarufu, iliyoanza kuzagaa Ufaransa mwaka 1976 kwa jina la hospitali ya Villejuif, ikidai kwamba E330 ndiyo sumu kubwa kuliko zote na kwamba inaleta saratani. E330 ni ile asidi iliyomo ndani ya limau. Hospitali yenyewe ilikana kwamba haikuiandika karatasi hiyo, lakini haikusaidia kitu. Iliendelea kunakiliwa kwa miaka mingi. Hivi ndivyo inavyokuwa watu wanaponakili bila kuuliza.

Huenda nia ya wanaozisambaza ni njema. Lakini aya ya 116 ya Suratun Nahl imewakemea wale ambao ndimi zao hutamka tu kwamba hiki ni halali na hiki ni haramu. Kuharamisha kilicho halali ni kumzulia Allah, sawasawa na kuhalalisha kilicho haramu. Mbona basi la kwanza tunaliita uchamungu na la pili pekee ndilo tunaloliita dhambi?

Hatusemi kwamba hakuna kilichofichika. Kipo, tena kingi. Jelatini inayofanya pipi ziwe laini na za kuvutika, na inayotengenezewa maganda ya dawa za kapsuli, hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe. E471 inaweza kutoka katika mafuta ya mimea au shahamu ya mnyama, na tarakimu yenyewe haikwambii ni ipi. Rangi nyekundu ya E120 ni wadudu waliokaushwa na kusagwa. Ule mng'aro wa E904 unaopakwa baadhi ya peremende na matunda ni utomvu unaotolewa na mdudu. Baadhi ya jibini hugandishwa kwa kitu kinachotolewa katika tumbo la ndama. Zipo brashi za kupakia rangi, na hata za kupakia mafuta mikate, ambazo nywele zake ni za nguruwe. Februari 2017 serikali ya Malaysia ilizikamata brashi za aina hiyo madukani kwa sababu hazikuwa na maelezo. Na anayenunua viatu vya mitumba pale soko la Memorial na akague bitana la ndani: ngozi ya nguruwe hujulikana kwa vitundu vidogo vinavyokaa vitatu vitatu, mithili ya mafiga. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, ngozi hiyo haitoharishwi kwa kutiwa dawa ya kiwandani.

Basi swali la mwenye akili ni hili: mtu aulize mpaka wapi, na anyamaze wapi?

Wapo watu wasiokuwa wa dini yetu ambao wamelihangaikia swali hili. Vijana wetu wanaofanya kazi ya upishi na upagazi mlimani Kilimanjaro wanawajua. Ni wageni waitwao vegani, watu wasiokula nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali, na wasiovaa ngozi wala sufi. Mgeni wa namna hiyo humuuliza mpishi: supu hii ya unga ina kuku ndani? Mkate huu una maziwa? Haoni haya kuuliza, na mpishi hachukii kujibu. Chama chao cha Uingereza, kilichoasisiwa mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, hakikuwaamrisha wafuasi wake yasiyowezekana. Kimeweka mpaka: mtu ajiepushe na vitu vya wanyama kadiri inavyowezekana na inavyotekelezeka, na mgonjwa hazuiwi dawa aliyoandikiwa. Hata hivyo wanagombana. Wako wanaoikataa sukari kwa sababu viwanda fulani vya Marekani huisafisha kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mwaka 2016 ilipofahamika kwamba noti mpya ya pauni 5 ya Uingereza ina chembe za shahamu, zaidi ya watu laki moja walitia saini kutaka iondolewe. Mwaka 2017 Benki Kuu yao ikatangaza kwamba noti itabaki. Je, waliotia saini waliacha kupokea mishahara? Noti ile iliendelea kupita mikononi mwa watu, na kila mmoja akabaki na dhamiri yake.

Sisi hatukuhitaji kungoja mwaka 1944 ili tufundishwe mpaka. Suratut Taghabun, aya ya 16, imefungamanisha uchamungu na uwezo wa mtu. Katika Sahihi ya Bukhari, Bibi Aisha (r.a.) amesimulia juu ya watu waliomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu nyama wanayoletewa na wageni katika Uislamu, hawajui kama ilitajiwa jina la Allah. Hakuwatuma kwenda kuwapeleleza wachinjaji. Aliwaambia wao wenyewe wataje jina la Allah, kisha wale. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa Tabuk aliletewa jibini, akaomba kisu, akapiga bismillahi na kulikata, na jibini, kama tulivyosema, lina lake tumboni mwa mnyama. Na Imamu Malik katika Muwatta ametaja safari ya Umar bin Khattab (r.a.), ambapo Amr bin al-As alipomuuliza mwenye birika la maji kama wanyama wakali hulinywea, Umar alimzuia yule bwana asijibu. Umar huyu huyu ambaye shetani alimkimbia! Angekuwepo leo, baadhi ya vijana wetu wangemwita mzembe wa dini.

Isidhaniwe kwamba tunawafungulia watu mlango wa kusema "nisichokiona hakinidhuru". Umar alinyamazia shaka tupu isiyo na dalili. Jelatini ya nguruwe ikiandikwa wazi ubavuni mwa boksi, hapo hakuna shaka, kuna maandishi. Wanazuoni wamelijadili suala hili kwa urefu. Majmaa ya Fiqhi iliyo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, iliikataza jelatini ya nguruwe katika chakula, kwani mbadala upo. Semina ya wanafiqhi na madaktari iliyofanyika Kuwait mwaka 1995 ikaona kwamba kitu najisi kikigeuka dhati yake kikawa kitu kingine, hukumu yake nayo hugeuka. Mwandishi huyu anaelemea upande wa Amman katika pipi na mtindi, maana hakuna aliyekufa kwa kukosa pipi. Ama mgonjwa aliyeandikiwa kapsuli, au mtoto anayengojewa na chanjo, hilo ni jambo jingine, na anayemnyang'anya mgonjwa dawa kwa sababu ya orodha ya simu atamjibu Allah. Indonesia walilionja hilo. Mwaka 2018 baraza la maulamaa wao liliiruhusu chanjo ya surua na rubela kwa dharura, huku likikiri kwamba utengenezaji wake ulitumia kitu cha nguruwe. Pamoja na ruhusa hiyo, wazazi wengi, hasa katika jimbo la Aceh, waliwazuia watoto wao.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo penye uchungu.

Anayebeba orodha ya E mfukoni, jioni anasimama wapi kununua chipsi? Anasimama kwenye banda ambalo jirani yake wanakaanga nyama ya nguruwe, ile inayoitwa kitimoto. Je, amewahi kuuliza kama karai ni moja? Kama mafuta ya jana ya upande ule ndiyo ya leo ya upande huu? Kama kisu na gogo la kukatia ni vile vile? Haulizi. Anaona haya. Wahindu na walaji mboga wa Marekani hawakuona haya: walipogundua kwamba viazi vya McDonald's, vilivyosifiwa kuwa vya mafuta ya mimea, vilitiwa ladha ya ng'ombe, walikwenda mahakamani, na mwaka 2002 kampuni ikakubali kutoa dola milioni 10. Sisi tunashindwa kumuuliza swali moja kijana wa chipsi ambaye tunamjua kwa jina lake na la baba yake!

Au chukua sikukuu za Desemba, ndugu zetu wanaporudi kutoka mijini na ukoo kukutana kihambani. Koo nyingi za Uchaggani zina Waislamu na Wakristo, na ni sifa njema ya watu wa hapa kwamba mbuzi wa shughuli huchinjwa na Muislamu ili wote wale. Lakini katika shughuli hiyo hiyo hupikwa kisusio, mchuzi unaotiwa damu ya mnyama. Damu imetajwa haramu kwa jina katika Suratul Baqara, aya ya 173. Haina E, haina tarakimu, na haihitaji maabara. Wapo wanaonyoosha bakuli wakisema ni mila, na kesho yake wanamkatalia shangazi yao Mkristo wa Kibosho kikombe cha chai kwa kuwa hawajui maziwa ya kopo lake yana E gani. Shangazi huyo Qur'an imetuhalalishia chakula chake, katika aya ya 5 ya Suratul Maida. Amewapikia, wamemvunja moyo, na dini imebeba lawama. Tukumbuke kwamba mwaka 2013 huko Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika mpaka roho ya mtu ikapotea. Mambo ya sahani huanza kwa maneno madogo.

Tunachopendekeza kwa kamati za misikiti ni hiki. Orodha isibandikwe ubaoni wala kusomwa baada ya swala mpaka mtu mwenye ujuzi wa vyakula ameipitia. Wapo wafamasia na walimu wa kemia katika safu zetu, waulizwe. Penye mashaka ya bidhaa ya kiwandani, kamati imwandikie mtengenezaji barua kumuuliza asili ya E471 yake, kwani yeye ndiye anayejua. TBS, iliyokabidhiwa mwaka 2019 kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa ya TFDA, nayo inaweza kuandikiwa pale ambapo boksi halina maelezo. Na kabla Ramadhani haijaingia, watu wawili wenye adabu na ulimi mzuri wayapitie mabanda ya chipsi na ya nyama choma ya mtaani, wakae, wanywe chai, wamuulize mwenye banda habari ya karai, kisu na gogo. Atakayesema ana karai mbili, aombwe aonyeshe ya pili.